FH5: 22B yangu haitaki kukata kona tangu niifunge rimu za inchi 19. Ni rimu kweli au najidanganya?

Ngosha_wa_Lami (Mwanza), Jumanne saa 3:12 usiku

Habari za jioni wakuu. Nina jambo limeninyima raha wiki nzima, na najua humu kuna watu wanaoijua Forza Horizon 5 (FH5), hii gemu ya magari, kuliko mimi.

Nacheza kwenye Xbox Series S kwa pedi ya kawaida, usukani sina. Gari langu la roho ni Subaru Impreza 22B ya 1998, ile ya bluu yenye rimu za dhahabu. Baba mdogo alikuwa na Impreza ya kawaida nilipokuwa darasa la tano. Mlio wake tulikuwa tunausikia kabla hajakata kona ya kuja nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nakimbia kufungua geti. Kwa hiyo nilipoipata 22B kwenye gemu sikuijenga kwa haraka. Niliichukulia wiki mbili, nikaiweka daraja A, PI (ile namba ya gemu ya kupima uwezo wa gari) ikagota 800 kamili, mwisho wa daraja hilo.

Ilikuwa inaenda, jamani. Ile barabara ya lami inayopanda volkano ya La Gran Caldera, yenye kona za kujikunja kama za mlima Sekenke, nilikuwa naipanda usiku taa zikimulika ukingo na sigusi breki mara mbili kwenye kona moja.

Wiki iliyopita nikaona mtu mtandaoni ana 22B kama yangu, imefungwa rimu kubwa nyeusi zimejaa hadi kwenye bodi. Nikaitamani. Nikaingia sehemu ya maboresho ya tairi na rimu nikabadili vitu kwa mpigo mmoja. Mtindo wa rimu nikachukua mweusi ninaoupenda. Ukubwa nikatoa 17 nikaweka 19, mbele na nyuma. Nikaona PI imeshuka kidogo, nikajua nimepata nafasi, nikaitumia kuongeza upana wa tairi za nyuma peke yake. Za mbele nikaziacha. Mwisho nikayatoa magurudumu ya nyuma nje zaidi, kwa sababu ukilitazama gari kwa nyuma linakaa kama limejipanga kupigana.

Sasa gari si lile. Naingia kona, nimesukuma kijiti cha pedi hadi mwisho, pua inaendelea kwenda ilikokuwa inakwenda. Nasubiri, nasubiri, halafu linashika kwa ghafla na kunirusha ndani. Nikipita kwenye mitaa ya mawe ya Guanajuato linadundadunda. Hata kuondoka limekuwa zito. Binamu yangu yuko Dar, tunakimbizana kila Ijumaa, na Ijumaa iliyopita kanishinda mbio sita kati ya sita.

Naomba kueleweshwa: kwenye gemu hii rimu zinagusa uendeshaji kweli? Na kama zinagusa, ni uzito, ukubwa, au upana? Najua naweza kurudisha kila kitu cha kiwandani kwa dakika mbili. Sitaki kurudisha kabla sijajua nimeharibu nini.

---

Mzee_wa_Most_Wanted (Dar es Salaam), Jumanne saa 3:50 usiku

Mdogo wangu, mimi gemu za magari nimeanza zamani. Need for Speed Most Wanted ya 2005 nimeicheza kwenye kibanda cha gemu Temeke, tunalipia kwa dakika, tumejipanga benchi zima. Rimu tulikuwa tunabadilisha kila siku na gari lilikuwa lile lile. Rimu ni urembo. Hata Rocket League leo, funga gurudumu lolote unalotaka, mpira unaupiga vile vile.

Ushauri wangu angalia difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona). Gari likisukuma pua, legeza stabilaiza ya mbele. Rimu waachie wapiga picha.

---

Bi_Gia_Tano (Mombasa), Jumatano saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa gemu ulizozitaja nakubaliana nawe kabisa, ila kila gemu ina kanuni zake. Mimi ni wa Gran Turismo 7. Huko tairi zimegawanywa Comfort, Sports na Racing, na kila kundi lina ngumu, ya kati na laini. Ukivua Comfort ukavika Sports, papo hapo ile namba ya PP, kipimo cha uwezo wa gari huko, inapanda, na kona uliyokuwa ukiiingia kwa gia ya pili waiingia kwa ya tatu.

Hata Mario Kart 8 Deluxe ya watoto magurudumu yana kazi. Mwanangu wa miaka minane huchagua Roller, yale madogo, kwa kuwa yanampa mwanzo wa haraka akishagongwa. Mimi nikichukua Slick kwa ajili ya spidi ya juu, ananisubiri nikanyage nyasi, maana nikikanyaga nimekwisha.

Ndugu Ngosha, kabla ya rimu hebu tuambie: tairi lenyewe ni la aina gani? Kwa nilivyoona mimi, aina ya mpira inabadilisha gari kuliko kitu kingine chochote kilichofungwa kwenye ekseli.

---

Ngosha_wa_Lami, Jumatano saa 2:20 asubuhi

Dada asante. Ni zile za Sport, na sikuzigusa. Zilikuwa hizo hizo kabla na baada.

---

FundiUpepo_AR (Arusha), Jumatano saa 4:31 usiku

Ngosha, hujidanganyi. Gari limebadilika, na kwa maelezo yako naliona kabisa kichwani. Nina miaka kumi na moja nafunga tairi hapa Arusha, na hiyo Forza naicheza kila siku nikishaosha mikono. Nitaandika kwa urefu kwa sababu umeuliza vizuri. Ungeuliza "niweke rimu gani" ningekujibu kwa mstari mmoja.

Umefanya mambo manne kwa pamoja, ndiyo maana huoni kosa liko wapi. Tena yameleta matatizo matatu tofauti kabisa, hayahusiani.

Naanza na lililokuumiza zaidi, ambalo si rimu. Ni upana wa tairi za nyuma.

22B halisi ilitoka kiwandani na tairi 235/40 R17 pande zote nne. Mbele na nyuma sawa. Wale waliolijenga walikuwa na sababu: injini ya Subaru imelala mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito tangu mwanzo, na tairi za mbele zina kazi tatu, zinakata kona, zinavuta na zinabeba breki nyingi. Wewe umekwenda kumwongezea nguvu aliye nyuma, ambaye hakuwa na shida, na wa mbele ukamwacha na viatu vyake vya zamani. Nyuma sasa inashika kuliko mbele. Gari la namna hiyo ukiliambia kata, mkia unakataa kuzunguka na pua inasukuma nje. Hicho ndicho unachokisikia.

Nielewe hapa vizuri. Gari hilo lina kama kilo 1,270. Gawa kwa nne, kila tairi linabeba zaidi kidogo ya kilo 300. Kwa upepo wa bar 2.2, eneo la tairi linalogusa lami ni kama sentimita za mraba 140. Weka kiganja chako mezani pamoja na vidole. Ni hapo tu. Gari zima limeshikilia dunia kwa viganja vinne. Na ukifunga tairi pana bila kubadili upepo, kiganja hakiongezeki sana ukubwa, kinabadilika umbo: kinakuwa kipana kwa upande na kifupi kwa mbele. Umbo hilo ndilo linaloshika vizuri kwenye kona, na joto linagawanyika kwenye mpira mwingi zaidi. Kwenye gemu utaona matokeo yake kwenye alama ya uendeshaji pale pembeni, ukiongeza upana inapanda. Ila ile alama ni ya gari zima. Haikuambii umeongeza upande gani, kwa hiyo namba imepanda na wewe umepata gari baya zaidi.

Kuyatoa magurudumu ya nyuma nje kumeongezea hapo hapo. Gurudumu likikaa mbali na mwenzake wa upande wa pili, uzito unaohama kutoka upande wa ndani kwenda wa nje kwenye kona unapungua, na ekseli hiyo inashika vizuri zaidi. Ungeyatoa ya mbele ingekusaidia. Umeyatoa ya nyuma. Ni dozi ya pili ya dawa ile ile, na mgonjwa ni mwingine.

Sasa inchi 19. Hili ndilo la "linashika kwa ghafla" na la kudunda Guanajuato.

Chukua 235/40 R17. Ile 40 ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia 40 ya 235, yaani milimita 94. Gurudumu zima, kutoka chini hadi juu, ni kama milimita 620. Sasa ukiweka rimu ya 19 na gurudumu libaki na kimo kile kile ili liingie kwenye bodi, rimu imekula nafasi na ubavu unabaki kama milimita 70. Umetoa milimita 24 za mpira kila upande. Ubavu ni springi, watu wanasahau. Unajipinda kidogo kabla tairi halijaachia, na kule kujipinda ndiko kunakokuambia "punguza, naanza kuteleza." Ubavu mfupi haujipindi sana. Unajibu haraka, hilo ni zuri, ila unaachia haraka pia, na ukirudi kushika unarudi kwa kishindo. Mwenye usukani anaweza kuufuatilia mikononi. Wewe una kijiti cha pedi kinachotembea sentimita moja na kitu. Huna nafasi ya kusahihisha.

La tatu ni uzito. Kazini nina mashine ya kubalansi. Gurudumu la Vitz la inchi 14 likimaliza kuzunguka, naliwekea kiganja linasimama. La Prado nikiliwekea kiganja hivyo hivyo linanivuta mkono, nisipojipanga linaondoka na glavu. Hiyo ndiyo habari yote. Kilo iliyo pembeni kabisa ya gurudumu injini inailipia mara mbili: mara ya kwanza kuipeleka mbele pamoja na gari, mara ya pili kuizungusha. Na breki nayo inailipia hivyo hivyo, kwa kuigeuza joto. Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito, na uzito wake uko mbali na kitovu, mahali pabaya kabisa. Ndiyo maana PI ilishuka ulipoweka 19. Gemu ilikuwa inakuambia gari limekuwa bovu kidogo, wewe ukasoma kwamba umepewa zawadi. Wengi wanasoma hivyo, hata mimi nilisoma hivyo mwaka wa kwanza.

Mzee wa Most Wanted, shikamoo. Kwenye gemu zile ulizocheza hukukosea. Hii ukiingia kwenye mitindo ya rimu, usiangalie picha, angalia namba ya uzito wa gari pembeni wakati unasogea kutoka rimu moja kwenda nyingine. Utaiona inapanda na kushuka.

Na Bi Gia Tano kasema kweli tupu: aina ya mpira ndiyo kubwa kuliko zote. Mimi kwa uzoefu wangu naipanga hivi: mpira kwanza, halafu upana, halafu uzito wa rimu, na ukubwa wa rimu uwe wa mwisho kabisa. Rimu kubwa peke yake haijawahi kuniongezea mshiko hata siku moja, si kwenye gemu, si kwenye gereji.

Kuna kitu kimoja gemu imewasamehe, na nakisema kwa sababu kuna vijana wanatoka kwenye gemu wanakuja kwangu na gari halisi. Kwenye Forza rimu yoyote inaingia kwenye gari lolote. Kwa kweli haiko hivyo. Impreza ya enzi zile ina nati tano kwenye duara la milimita 100. Mark II ina nati tano kwenye duara la 114.3. Kwa macho unaona tano na tano, unasema zinaingia. Alikuja kijana na Impreza na rimu za Mark II kazinunua kwa mtu, ananiambia nilazimishe. Nilimkatalia. Akaenda kwingine, wakamfungia. Wiki iliyofuata karudi kwangu akiwa juu ya gari la kuvutwa, boliti mbili zimekatika na gurudumu la mbele kushoto limetaka kutoka akiwa na mdogo wake ndani. Nilimfungia za kwake za zamani bila kumtoza hela ya kazi, maana mikono yake ilikuwa bado inatetemeka.

Turudi kwako. Usirudishe kwa mpigo, utapoteza somo. Ingia Rivals, sehemu ya kukimbizana na muda, chagua Horizon Mexico Circuit, daraja A. Hapo hali ya hewa haibadiliki, hakuna wa kukugonga, na kivuli cha muda wako bora kinakimbia mbele yako. Piga mizunguko mitano na gari lilivyo sasa. Usirudishe muda nyuma hata mara moja, mzunguko utawekewa alama kuwa si safi. Halafu badili kitu KIMOJA. Mizunguko mitano. Kingine kimoja. Anza na upana wa nyuma, kisha magurudumu ya nyuma yarudi ndani, kisha 19 iwe 17, kisha rimu nyepesi. Andika kwenye karatasi, kichwa kinadanganya.

---

Mzee_wa_Most_Wanted, Alhamisi saa 12:40 asubuhi

Marahaba fundi. Nimeamka usiku nikafungua gemu ya kijana wangu, nimeingia kwenye hizo rimu na kuiona hiyo namba ya uzito inatembea. Nafuta kauli yangu. Miaka yote kijana ananiambia nimfungulie rimu fulani nami namwambia aache mapambo.

---

Bi_Gia_Tano, Alhamisi saa 3:15 asubuhi

Fundi, maelezo ya ubavu nimeyasoma mara mbili. Mume wangu alibadilisha rimu za gari letu mwaka jana akaweka kubwa, na tangu hapo kila tuta la hapa mtaani nalisikia mgongoni. Nilidhani ni shokapu. Leo nimeinama nikatazama: ubavu wa tairi hauzidi vidole vinne vyangu.

---

Ngosha_wa_Lami, Jumapili saa 5:02 usiku

Wakuu nimerudi. Fundi, nimefanya kama ulivyosema, nimekaa Jumamosi yote na daftari la mdogo wangu. Mizunguko mitano kila hatua, nimechukua ulio bora na ulio safi.

Hatua ya kwanza, kupunguza upana wa nyuma hadi ulingane na wa mbele. Nimekata zaidi ya nusu sekunde pale pale. Na si muda tu, kona ya kwanza niliingia nikajikuta nimekata mapema mno, karibu nigonge ukingo wa ndani, kwa sababu mikono ilishazoea kusubiri. Ilibidi nijifunze upya gari langu mwenyewe.

Hatua ya pili, magurudumu ya nyuma kurudi ndani. Kidogo sana, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa macho nimeumia, ilikuwa inapendeza.

Ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Kutoka 19 hadi 17 muda bora haukubadilika karibu chochote. Nikataka kuandika hapa kwamba fundi amekosea. Kisha nikatazama daftari: na zile 19, kati ya mizunguko mitano, miwili tu ilikuwa karibu na muda bora. Mingine mitatu nilikuwa nimetoka nje au nimerushwa. Na 17, yote mitano imekaa ndani ya robo sekunde. Kivuli changu kilikuwa kinakimbia na mimi bega kwa bega mzunguko mzima, hadi nikawa nakisahau. Nikaenda Guanajuato, nikashuka ile mitaa ya mawe, gari limetulia. Linatikisika lakini halidundi, na pua inakwenda ninakoielekeza hata katikati ya mtikisiko.

Ya nne, rimu nyepesi. Hapa nikapata balaa: nilipofunga nyepesi PI ikapanda hadi 801 na gari likaingia S1, daraja la juu ya A. Nimekaa nalo dakika arobaini. Mwishowe nimetoa chujio la hewa la mbio nikarudisha la kiwandani, likarudi chini ya 800. Halafu nikaona hapo hapo niende mbali zaidi: nimeongeza upana wa tairi hatua moja, mbele na nyuma sawasawa, na kulipia hiyo nafasi nimepunguza nguvu ya injini tena.

Sasa nina farasi wachache kuliko wiki iliyopita na nina muda bora kuliko yote niliyowahi kupata na gari hili. Ukijumlisha hatua zote nimekata sekunde moja na robo kutoka pale nilipoanzia Jumamosi asubuhi. Kwenye breki ndiko ninakoona zaidi. Kuna mahali nilikuwa naanza kubana breki kwenye kivuli cha bango, sasa nalipita bango kwanza.

Rimu nimezipata za dhahabu, tena kati ya zile nyepesi. Fundi sikujua kama zipo, nimezipitia moja moja nikitazama namba ya uzito tu kama ulivyosema, na picha nikaitazama mwisho.

Na binamu tumekimbizana jana usiku ingawa si Ijumaa, nilishindwa kusubiri. Tatu kwa tatu. Zote tatu alizonishinda ni zile zenye barabara kuu ndefu, ananipita kwenye mnyoofu kwa nguvu na sina la kumfanya. Ile ya kupanda volkano sikumwona tena nyuma baada ya kona ya nne.

Swali la mwisho fundi: baada ya mizunguko mitatu minne nahisi mbele inaanza kuchoka, inasukuma kidogo tena. Si kama mwanzo, kidogo tu. Upepo nimeacha ule gemu uliokuja nao. Nipunguze?

---

FundiUpepo_AR, Jumatatu saa 2:48 usiku

Ngosha, hilo daftari usilitupe. Ulichokiona kwenye hatua ya tatu wapo wateja wangu wa miaka yote ambao sijaweza kuwaeleza.

Kuhusu upepo: usipunguze kwa kukisia. Tairi likipata joto upepo wa ndani unapanda, kwa hiyo ulichoweka gereji sicho unachokimbia nacho mzunguko wa nne. Fungua telemetria (vipimo vya gari vinavyoonekana ukiwa unaendesha), nenda ukurasa wa joto la tairi. Kila tairi lina namba tatu: ndani, katikati, nje. Piga mizunguko minne bila kusimama, kisha zitazame ukiwa bado unatembea kwenye mnyoofu. Ukisimama zinaanza kupoa na zinakudanganya.

Katikati ikiwa na joto kuliko pembeni zote mbili, upepo umezidi, tairi limevimba na linakanyaga kwa tumbo. Punguza bar 0.1 mbele tu, rudia. Pembeni zote mbili zikiwa na joto kuliko katikati, upepo ni mdogo, ongeza. Ikiwa ni upande wa nje peke yake ndio unaoungua, hapo upepo hauhusiki, tairi linalala kwenye kona. Ongeza kidogo mwinamo wa gurudumu kwa ndani, nusu digrii kwa wakati mmoja.

Mimi 22B yangu naitembeza bar 2.0 mbele na 1.9 nyuma, lakini tairi zangu ni pana kuliko zako na mkono wangu si wako. Piga picha ukurasa huo wa joto ukiwa mzunguko wa nne uuweke hapa, tuutazame pamoja. Kesho nafunga saa moja jioni, kuanzia saa mbili nitakuwepo.